Barafu ya Mlima Kenya inaondoka: ukuta wa vifusi, viziwa na mto vitakuwaje?

*"Habari mwalimu. Mimi ni mpagazi upande wa Naro Moru, Mlima Kenya, na sasa najifunza kazi ya kuongoza wageni. Wananiuliza maswali yanayonishinda. Wanataka kujua kwa nini Bonde la Teleki ni pana vile, ilhali mto wake unauvuka kwa hatua chache. Wakongwe wa kazi hii wananiambia zamani mto ulikuwa mkubwa ajabu, wengine wanasema bonde lile ni kreta ya volkeno. Halafu kuna ule ukuta wa vifusi kando ya barafu ya Lewis. Nilipoanza kazi barafu ilikuwa karibu nao, leo iko mbali, na mawe yanaporomoka tukiwa njiani kwenda Austrian Hut. Huko chini kuna viziwa. Nimesikia nchi nyingine viziwa vya namna hiyo hupasuka na kuua watu. Je, sisi tunaolala Mackinder's Camp tuko salama? Na barafu ikiisha kabisa, Mto Naro Moru utakauka?"*

Ndugu yangu, umeuliza mambo mengi kwa pamoja, lakini nikiyasoma tena naona yote yanatoka kwenye hofu moja: mlima unaoutegemea kwa kazi unabadilika mbele ya macho yako, na hujui utaishia kuwa nini. Nitakupa majibu mafupi kwanza ili usisome kwa wasiwasi. Bonde la Teleki halikuchimbwa na mto mkubwa, wala si kreta. Viziwa vya pale juu si tishio kubwa kama vile ulivyosikia vya nchi nyingine. Mto Naro Moru hautakauka kwa sababu barafu imeisha. Lakini ule ukuta wa vifusi umeuogopa kwa haki, na nitakaa hapo zaidi kuliko kwingine.

Tuanze na bonde. Mto hukata ardhi mahali maji yanapogusa tu, yaani kwenye mkondo wake. Kingo zinabaki zimeinama kuelekea katikati, kwa hiyo bonde la mto milimani huwa na umbo la herufi V. Barafu haifanyi hivyo. Theluji ikirundikana mwaka baada ya mwaka hujibana, ikawa barafu nzito, na uzito wake wenyewe huisukuma kuteremka polepole. Inajaza bonde zima, chini na kando, kwa hiyo inasaga sakafu na kuta kwa wakati mmoja. Barafu tupu haina nguvu ya kukwaruza mwamba mgumu. Kazi hiyo hufanywa na mawe na mchanga ulioshikwa kwenye tumbo lake, kama msasa wa fundi seremala. Tena maji yakipenya kwenye nyufa za mwamba na kuganda, barafu hung'oa mapande mazima na kuondoka nayo. Matokeo yake ni bonde pana lenye sakafu ya bapa na kuta za wima, umbo la U. Kijito unachokivuka leo ni mpangaji mpya katika nyumba ambayo hakuijenga.

Hili unaweza kuwaonyesha wageni bila maneno mengi. Mkipanda kutoka Met Station, iliyo kama mita 3,050 juu ya usawa wa bahari, bonde la chini ni jembamba na mto umezama ndani yake. Mkishapita lile eneo la majimaji na matope na kuingia Teleki yenyewe, kuta zinaachana na bonde linafunguka. Mahali hapo umbo linapobadilika ndipo barafu ya zamani ilipokuwa ikifikia. Vilima vya vifusi vilivyoachwa na ncha yake viko kati ya mita 3,200 na 3,300 hivi, na vimefunikwa na nyasi na vichaka kiasi kwamba wengi wanavipita bila kuvitambua. Umri wake ni zaidi ya miaka 20,000. Yaani wakati huo barafu iliteremka karibu mita 1,500 chini ya mahali mabaki ya Lewis yalipo leo.

Kuhusu kreta, wakongwe hawajakosea kwamba mlima huu ni volkeno. Ulilipuka na kumwaga lava kati ya miaka milioni 3 na milioni 2.6 hivi iliyopita, na inaaminika kilele chake kilikuwa juu kuliko sasa. Lakini kreta yake ilishaliwa na mmomonyoko zamani sana. Vilele vyake viwili vikuu, Batian yenye mita 5,199 na Nelion yenye mita 5,188, ni mwamba uliogandia kooni mwa volkeno, ukabaki umesimama baada ya miamba laini iliyouzunguka kuondolewa. Barafu ndiyo iliyofanya sehemu kubwa ya kazi ya kuunyonyoa. Hata Ziwa Michaelson upande wa Chogoria, ambalo watalii wengi huambiwa ni kreta kwa sababu limezungukwa na genge kama la mviringo, limekaa kwenye bakuli lililochimbwa na barafu. Ukisimama juu ya genge la Temple ukalitazama kule chini, unaangalia kazi ya barafu katika Bonde la Gorges.

Sasa ule ukuta. Wataalamu huuita moreni. Barafu inapoteremka hubeba kila kilichoangukia mgongoni mwake na kila kilichong'olewa chini yake: mapande ya ukubwa wa gari, kokoto, mchanga, na unga laini wa mwamba uliosagwa. Mahali inapoyeyuka, mzigo huo unashushwa. Kandokando yake hurundikana kama tuta refu linalofuata ukingo wa barafu, na mbele ya ncha yake hurundikana kama tuta lililopinda. Barafu ikirudi nyuma, matuta hayo yanabaki peke yake, yakionyesha ilipowahi kufika.

Ukitaka kuhakikisha kwamba unachokanyaga ni moreni na si mashapo ya mto, chukua kiganja kimoja cha udongo mahali palipokatika. Mashapo ya mto yamepangwa: mchanga umekaa na mchanga, kokoto na kokoto, na mawe yake ni ya mviringo kwa sababu yamegongana majini. Moreni haina mpangilio. Jiwe la kilo 50 limekaa juu ya unga laini kuliko ngano, limebanwa na changarawe yenye ncha kali, na hakuna tabaka unaloweza kulifuata kwa kidole. Loweka unga huo kwenye kikombe cha maji, utaona maji yanageuka ya kijivu na hayatulii haraka. Unga huohuo ndio unaofanya viziwa vilivyo karibu na barafu viwe na rangi ya maziwa yenye ukijani, wakati vile vilivyo mbali nayo vina maji maangavu au ya rangi ya chai kutokana na mimea ya majimaji.

Kosa linalofanywa na wengi, pamoja na baadhi ya vitabu vya shule, ni kueleza maumbo haya kana kwamba yalikamilika siku barafu ilipoondoka. Sivyo. Barafu ikiondoka, ardhi iliyokuwa chini yake na kando yake inaanza kujipanga upya, na katika miaka ya mwanzo inafanya hivyo kwa kasi kubwa kuliko wakati mwingine wowote. Wanajiomofolojia, yaani wachunguzi wa maumbo ya ardhi, wamekuwa wakikichunguza kipindi hiki kwa makini tangu miaka ya 1970, na nadhani ndicho ambacho kila mwongozaji wa milima mirefu anapaswa kukielewa, kwa sababu ndicho kinachowaumiza watu.

Fikiria ukuta wa moreni barafu ilipokuwa bado imeuegemea. Upande wake wa ndani ulisimama wima kupita kiasi, na haukuanguka kwa sababu barafu iliushikilia. Barafu ikapungua kimo, ukuta ukapoteza nguzo. Vifusi vilivyo huru haviwezi kusimama wima hivyo kwa muda mrefu. Huporomoka hadi vifikie mteremko vinaoweza kuuvumilia. Mvua nayo huchimba mifereji kuanzia juu, na kila mfereji huteremsha tope na mawe hadi chini, yakatandaza kipande cha ardhi chenye umbo la upepeo. Zaidi ya hapo, moreni nyingi changa zina barafu iliyozikwa ndani yake. Vifusi huikinga na jua, hivyo inayeyuka taratibu sana, lakini inayeyuka. Ndiyo maana unaweza kukuta njia mliyoipita msimu uliopita imetitia, au kishimo chenye maji kimetokea mahali palipokuwa pakavu.

Hali ya hewa ya mlima wetu inaongeza nguvu. Katika nchi za baridi, ardhi huganda msimu mmoja na kuyeyuka msimu mwingine. Kwetu, juu ya mita 4,000, inaganda karibu kila usiku na kuyeyuka karibu kila mchana, mwaka mzima. Alfajiri tazama udongo usio na mimea: umeinuliwa na sindano nyembamba za barafu, na juu ya kila sindano kuna chembe ya udongo au kokoto. Jua likipiga, sindano zinalala na kokoto linaangukia chini kidogo ya lilipotoka. Kila siku kidogo. Kwenye mteremko jambo hili hutiririsha mawe na kuyapanga kwa mistari, na hufanya mche wowote ushindwe kushika mizizi. Ile miteremko ya mawe madogo inayowachosha wageni wenu, hatua mbili mbele moja nyuma, inalishwa na kuganda na kuyeyuka huku.

Lewis ni mfano mzuri kwa sababu hakuna barafu ya nchi za joto iliyofuatiliwa kwa muda mrefu kuliko hiyo. Msafara wa Halford Mackinder uliichora na kuipiga picha mwaka 1899, na mwaka 1934 ikapimwa kwa ramani ya kina. Tangu ramani hiyo hadi mwaka 2010 ilipoteza takriban asilimia 90 ya ujazo wake. Kati ya mwaka 2004 na 2016 pekee, eneo la barafu yote ya Mlima Kenya lilipungua kwa asilimia 44 hivi, Lewis ikakatika vipande viwili, na jirani yake Gregory ikatoweka kabisa. Sababu zilianza na kupungua kwa mvua na theluji Afrika Mashariki mwishoni mwa karne ya 19, kisha joto la dunia likaja kumalizia. Kwa kazi yako, takwimu hizi zina maana moja: vifusi vingi unavyovipita vimefunuliwa ndani ya uhai wa babu yako na baba yako, na vingine ndani ya uhai wako. Bado havijatulia. Vile vya mita 3,200 vimetulia kwa sababu vimepata maelfu ya miaka ya kushuka, kushikana na kuota nyasi.

Sasa viziwa, maana najua ndivyo vinavyokunyima usingizi. Habari ulizosikia ni za kweli. Tarehe 13 Desemba 1941, Ziwa Palcacocha katika milima ya Andes, Peru, lilivunja tuta lake la moreni, na mafuriko ya tope na mawe yakaua maelfu ya watu katika mji wa Huaraz. Himalaya nako kumetokea misiba ya aina hiyo. Ili itokee, yanahitajika mambo kadhaa kwa pamoja: ziwa kubwa lenye maji mengi, tuta la vifusi huru linaloyazuia, na kitu cha kuvuruga, mara nyingi pande la barafu au mwamba linaloangukia majini na kurusha wimbi linalopita juu ya tuta. Maji yakianza kupita juu, hulichimba tuta haraka, na ziwa linamwagika.

Pima mlima wetu kwa mizani hiyo. Viziwa vyetu ni vidogo, na vingi vimekaa kwenye mabakuli ya mwamba mzima ambao hauwezi kuvunjika kama tuta la vifusi. Barafu iliyobaki ni kidogo mno kuangusha mapande ya kutisha. Siwezi kukuambia hatari ni sifuri, kwa sababu kiziwa kidogo kilichozuiwa na moreni changa kinaweza kukata njia yake ghafla wakati wa mvua za masika na kushusha tope kwenye kijito. Lakini hilo ni tukio la kumwagia maji mahema yaliyopigwa ukingoni mwa kijito, si la kufagia mji. Mackinder's Camp iko mbali kiasi na bonde hapo ni pana. Lala, ila usipige hema kwenye mkondo mkavu wala juu ya ule upepeo wa vifusi mdomoni mwa korongo. Mahali palipotandazwa mawe mapya yasiyo na kuvu wala nyasi, mawe yatakuja tena.

Nitaongeza jambo moja hapa kwa sababu linachanganywa sana. Mafuriko ya Mto Nyamwamba yaliyoharibu Kilembe, chini ya Rwenzori huko Uganda, tarehe 1 Mei 2013, wengi waliyalaumu barafu inayoyeyuka. Chanzo chake kilikuwa mvua kubwa, juu ya miteremko iliyokuwa imeungua moto, pamoja na maporomoko yaliyoujaza mto mawe. Barafu kidogo ya Rwenzori haina maji ya kufanya hivyo. Usiwaambie wageni kila tope linaloshuka mlimani ni barafu.

Na kwa sababu hiyohiyo Mto Naro Moru hautakufa barafu ikiisha. Mchango wa barafu katika mito ya Mlima Kenya tayari ni mdogo sana. Maji mengi hutoka kwenye mvua inayonyesha katika msitu na ukanda wa nyasi na majimaji juu yake, ikazama ardhini na kutoka polepole kwenye chemchemi. Mto ukipungua huko chini, tazameni kwanza misitu iliyokatwa, moto wa nyanda za juu, mvua zilizochelewa, na mabomba yanayochota maji kabla hayajawafikia watu wa Laikipia. Nasema hili kwa uchungu kidogo, kwa kuwa nimeona barafu ikifanywa kisingizio cha matatizo tunayoweza kuyashughulikia.

Usidhani pia kwamba barafu ikiondoka inabaki jangwa. Pale Tyndall, jirani ya Lewis, watafiti wamefuatilia mimea inavyoifuata barafu inaporudi nyuma. Wa kwanza kufika ni senesio mdogo wenye majani ya manyoya, anayevumilia udongo unaotikisika. Akishaushikilia udongo kidogo ndipo wengine hufuata, na baada ya muda mrefu lobelia na senesio warefu unaowajua. Barafu hiyohiyo ya Tyndall mwaka 1997 ilifichua mabaki ya chui yaliyokuwa yamehifadhiwa humo kwa takriban miaka 900. Wageni wanaipenda hadithi hiyo, na ni ya kweli.

Turudi kazini kwako. Kupita kwenye moreni ya Lewis na miteremko yake kuna njia mbili za kufikiria. Mkipita alfajiri kabla ya jua, vifusi vimeshikwa na baridi na vinaporomoka kidogo, lakini mko gizani, watu wamechoka na kuna utelezi. Mkipita mchana mnaona vizuri, lakini mawe yameachia. Mimi ningechagua alfajiri kwa kupanda. Kwa kushuka ningehakikisha kundi halikai chini ya ukuta jua linapoanza kuugonga, maana saa hiyo ndipo maji yaliyogandia nyufani yanaachia mawe. Wakati wowote, wageni wasipumzike chini ya upande wa ndani wa moreni, hata kama pana kivuli na hakuna upepo. Pitisheni kundi mgongoni mwa tuta panapowezekana, na kwenye mteremko wa mawe msifuatane kwa mstari mmoja ulionyooka kushuka, kwa sababu jiwe la wa juu humpata wa chini. Nyufa mpya zinazokwenda sambamba na ukingo wa tuta, ardhi iliyotitia, au maji ya matope yanayotoka katikati ya vifusi ni dalili za kugeuza njia siku hiyohiyo.

Mambo mengine hayawezi kuamuliwa kwa maandishi. Ukiona dalili hizo, au kiziwa kimepanda au kushuka ghafla bila mvua, toa taarifa kwa askari wa KWS (Shirika la Wanyamapori la Kenya) kwenye lango au kituo kilicho karibu, uwaeleze mahali hasa na saa. Ikiwa chama chenu cha waongozaji kinafikiria kuhamisha njia au kujenga kibanda, msitegemee macho peke yake. Muiteni mwanajiolojia au mwanajiomofolojia kutoka chuo kikuu aje akanyage pale penyewe, kwa sababu barafu iliyozikwa haionekani juu, na mimi nikiwa hapa siwezi kukuambia iko wapi. Na kabla hajaja, msaidie: chagua mwamba mmoja imara usiotikisika, simama juu yake kila mwanzo wa msimu, na upige picha ya ukuta wa Lewis na kiziwa chake kutoka hapohapo, ukiandika tarehe. Picha za 1899 na ramani ya 1934 zinatufundisha hadi leo, na mtu anayepita pale mara nyingi kama wewe anaweza kuziendeleza vizuri kuliko mtafiti anayekuja mara moja kwa miaka.